Nyumba Bila Ardhi: Hesabu Impasayo Kila Mjenzi wa Bara ya Mombasa

Mtu avukaye kivuko cha Likoni, au apitaye daraja la Nyali kwenda Kisauni, au ashikaye njia ya Makupa mpaka Changamwe, ataona nyumba nyingi zilizojengwa kwa namna moja: mlango mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma penye jiko na choo. Akiuliza nyumba ni ya nani, atatajiwa mtu wa mtaani, labda mchukuzi wa bandarini aliyekwisha staafu, au mama auzaye mahamri na viazi vya karai. Lakini akiuliza kiwanja ni cha nani, mara nyingi atatajiwa mtu mwingine kabisa, ambaye pengine hajapata kulala mtaani humo hata usiku mmoja. Nyumba za namna hii huitwa nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba humlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja, naye hupokea kodi ya vyumba kwa wapangaji wake.

Kwa watu wengi wa kipato cha kawaida, nyumba hii ndiyo mali kubwa kuliko zote watakazopata maishani. Fedha za upatu, malipo ya kuachishwa kazi, na akiba ya miaka kumi ya kujinyima huishia katika mawe na mabati yake. Methali ya haba na haba yajulikana kwa kila mtoto wa shule, lakini haituambii kibaba chenyewe kiwekwe wapi kikiisha kujaa. Hapo ndipo wengi hupotewa na hesabu. Si kwa sababu ya ujinga, bali kwa kuwa hapana aliyewaonyesha namna ya kuifanya.

Asili ya mambo haya ni ya zamani. Katika desturi za Pwani, na katika sheria ya Kiislamu kama ilivyofuatwa hapa, kitu kilichopandwa au kujengwa juu ya ardhi chaweza kuwa na mwenyewe aliye mbali na mwenye ardhi. Mnazi ni wa aliyeupanda, ingawa shamba ni la mwingine, na nyumba ni vivyo hivyo. Sheria ya Kiingereza huona mambo kwa njia nyingine: kwayo, kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Mwaka 1908 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuhakikisha milki za ardhi katika ukanda wa Pwani, ambao hapo ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, na watu wakaambiwa walete madai yao yachunguzwe. Waliothibitishiwa madai yao walipewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Watu wengi, hasa Wamijikenda, hawakuleta madai yo yote. Hivyo palitokea wenye hati wachache na wakazi wengi wasio nazo, na hali hiyo haijaisha mpaka leo.

Kisha bandari ya Kilindini ikakua. Watu wakaja kutoka bara ya mbali na kutoka vijiji vya karibu kutafuta kazi ya kutwa. (Neno kibarua lenyewe latokana na barua ndogo, yaani ile karatasi aliyopewa mtu wa kazi za kutwa.) Wote hao walihitaji mahali pa kulala, na mahali hapakutosha. Mgomo mkubwa ulioanza Mombasa tarehe 13 Januari, 1947, ulitokana na mishahara midogo na gharama za maisha, na shida ya nyumba ilikuwa miongoni mwa manung'uniko. Katika hali kama ile, mapatano ya nyumba bila ardhi yaliwafaa wote wawili. Mwenye shamba alipata kodi bila kutoa gharama, na mjenzi alipata mahali pa kujenga bila kununua ardhi. Wala si wanaume peke yao waliofanya hivyo. Wanawake wengi wa Mombasa walimiliki nyumba tangu mwanzo wa karne ya 20, na kodi ya vyumba ikawa ndiyo riziki ya wajane na ya wanawake walioachwa.

Sasa na tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mtu yampasa aweke zake. Tuseme mtu amejenga nyumba ya vyumba sita kwa Sh. 800,000/-. Yeye na jamaa yake wanakaa katika vyumba viwili, na vinne wanavipangisha kwa Sh. 3,000/- kila kimoja kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hizo ni Sh. 144,000/-, nayo ndiyo hesabu ambayo kila mjenzi huwaambia rafiki zake. Lakini chumba hakikosi kukaa kitupu kwa muda, mpangaji mmoja akihama na mwingine hajapatikana. Tukikadiria mwezi mmoja kwa kila chumba, zinapungua Sh. 12,000/-. Kodi ya kiwanja, tuseme Sh. 1,000/- kwa mwezi, ni Sh. 12,000/- nyingine. Mabati yanayovuja, choo kilichojaa, rangi na kufuli zitakula Sh. 20,000/-. Zinabaki Sh. 100,000/-.

Hapa pana jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo ni la faida kwao. Vile vyumba viwili wanavyokaa wenyewe vina thamani, kwa maana kama wangalipanga kwa mtu wangalilipa Sh. 72,000/- kwa mwaka. Kwa hiyo nyumba yaleta Sh. 172,000/- kila mwaka, na Sh. 800,000/- za kujengea zitakuwa zimerudi baada ya miaka minne na miezi minane hivi. Hapana shaka kwamba hiyo ni biashara nzuri.

Ila hesabu haijaisha. Tuseme ndugu yake mjenzi huyo naye alikuwa na Sh. 800,000/-, lakini aliziweka mahali pa salama panapotoa Sh. 10/- kwa kila Sh. 100/- kwa mwaka, naye huchukua faida yake kila mwaka na kuitumia. Yeye apata Sh. 80,000/- tu, chini ya nusu ya zile za mjenzi. Lakini baada ya miaka mitano amepokea Sh. 400,000/-, na zile 800,000/- bado ni zake. Jumla ni Sh. 1,200,000/-. Mjenzi amepokea Sh. 860,000/-, na ana nyumba. Mwenye shamba akimwambia mwaka huo avunje, hana nyumba tena, na ndugu yake amempita kwa Sh. 340,000/-. Mjenzi hamfikii ndugu yake mpaka nyumba isimame karibu miaka minane na miezi minane. Ikisimama miaka 30, yeye atakuwa amepokea Sh. 5,160,000/-, na ndugu yake jumla yake ni Sh. 3,200,000/-. Basi swali la kuuliza kabla ya kuchimba msingi si bei ya saruji wala kodi ya chumba. Ni hili: nyumba hii itaachwa isimame miaka mingapi?

Na hapo ndipo mapatano ya desturi yalipo dhaifu. Wengi hukaa kwa kulipa mwezi kwa mwezi, bila mkataba, kwa sababu baba yao alikaa hivyo na mwenye shamba wa zamani alikuwa mtu mwema. Mwenye shamba wa zamani hufa, nao warithi wake huuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba upangaji unaokwenda kwa vipindi, wa mwezi au wa mwaka, waweza kukomeshwa kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja. Kwa maneno mengine, mtu alipaye kila mwezi aweza kuwa amejenga nyumba ya mawe ya kudumu miaka 50 juu ya haki ya mwezi mmoja.

Wengine hujiliwaza kwa neno walilolisikia, kwamba akaaye juu ya ardhi miaka 12 huwa mwenyewe. Ni kweli sheria ina kanuni ya miaka 12, lakini kanuni hiyo ni kwa yule aliyekaa wazi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Alipaye kodi ya kiwanja amekaa kwa ruhusa. Kila risiti anayoipokea yashuhudia kwamba alikubaliwa kukaa pale, na papo hapo yashuhudia kwamba ardhi si yake. Wala asiache kulipa kwa kudhani kuwa ataipata kanuni hiyo, maana kuacha kulipa humpa mwenye shamba sababu ya kumtoa.

Afanyeje, basi? Kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi moja, aende katika ofisi ya ardhi na nambari ya kiwanja, aombe uchunguzi rasmi, apate kujua hati ina jina la nani. Si mara moja wala mbili watu wamelipa kodi kwa miaka mingi kwa mtu asiye na haki ya kuipokea. Aangalie pia kama ardhi ni wakfu, kwa kuwa ardhi ya wakfu haiuzwi hivi hivi, na ahadi ya mtu ye yote ya kuja kumwuzia huko mbele haina maana. Pili, aombe mkataba wenye miaka. Upangaji usiozidi miaka miwili, usio na haki ya kurefushwa, huhesabiwa kuwa mfupi na hauandikishwi. Ulio mrefu zaidi waweza kuandikishwa juu ya hati yenyewe, na ukiisha kuandikishwa, mnunuzi mpya aikuta haki ya mjenzi pale pale. Mapatano yakitaja pia kwamba mjenzi atafidiwa thamani ya nyumba akitakiwa kuondoka, na kwamba ardhi ikiuzwa aulizwe yeye kwanza, ni bora zaidi. Mkataba kama huo utamgharimu fedha za wakili, na wapo wajenzi wanaoziona hizo kuwa fedha za bure, ingawa hawaoni uchungu kutoa nyingi zaidi kwa mlango wa mbele wenye nakshi.

Na mwenye shamba akikataa kutoa miaka? Wengi hukataa, wakijua kwamba nyumba ya mawe ni ngumu kuiondoa. Hapo mjenzi apunguze gharama. Nyumba ya boriti na fito, iliyokandikwa udongo na kupakwa chokaa, si ya kuonewa haya. Ikiwa yagharimu Sh. 250,000/- na kodi ya vyumba vyake ni ndogo kidogo, fedha zake zaweza kurudi upesi kuliko za ile ya mawe, na siku ya kuambiwa aondoke hasara si ya kumwua mtu. Tamaa ya mawe ndiyo iliyowafilisi wengi waliokuwa na haki ya mwezi mmoja tu.

Jambo la pili ni fedha za kodi zenyewe. Mtu aliyejenga kwa Sh. 800,000/- akala kodi yote kila mwezi, yuala nyumba yake. Kabla ya ile miaka minne na miezi minane kwisha, sehemu ya kila kodi ni mtaji wake mwenyewe unaorudi, na yafaa aitenge kila apokeapo. Ikirudi yote, na mahali pakawa bado pake, atakuwa na nyumba na fedha za nyumba pia. Hiyo ndiyo njia ambayo watu wachache wa Changamwe na Kisauni, walioanza kwa chumba kimoja cha udongo, walifikia nyumba tatu au nne.

Azitenge wapi? Benki nyingi hazikubali nyumba bila ardhi kuwa rehani, kwa kuwa hazioni hatimiliki ya ardhi. Kwa sababu hiyo Sacco yamfaa sana mtu wa namna hii. Sacco haidai ardhi kwanza. Hutazama akiba ya mwanachama, na mara nyingi humkopesha hata mara tatu ya akiba hiyo, kwa dhamana ya wanachama wenzake. Wafanyakazi wa bandari wana vyama vyao vya namna hii kwa miaka mingi, kama Bandari Sacco. Sheria ya mwaka 2008 iliweka mamlaka ya kusimamia Sacco zipokeazo amana, iitwayo SASRA, na mtu yampasa aulize kama chama anachotaka kuingia kina leseni yake. Benki ya Akiba ya Posta, iliyoanza mwaka 1910, ni mahali pengine. Serikali nayo hukopa kwa wananchi kwa kuuza hati za dhamana kupitia Benki Kuu. Mwaka 2017 ilitoa hati iitwayo M-Akiba, iliyonunuliwa kwa simu kuanzia Sh. 3,000/- tu, yenye faida ya Sh. 10/- kwa kila Sh. 100/- kwa mwaka. Wasiotaka riba kwa ajili ya dini yao wana benki zifuatazo sheria ya Kiislamu, kama Gulf African Bank iliyofunguliwa mwaka 2008, ambazo hugawana faida na mwenye amana.

Upatu haukutajwa katika orodha hii kwa makusudi. Ni njia njema ya kukusanya fedha za kununua mabati kwa mara moja, lakini hauzai kitu, na zamu yako ikiwa ya mwisho umewakopesha wenzako mwaka mzima bila faida.

Mikopo ya simu yahitaji uangalifu zaidi. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba, 2012, ada yake ilikuwa Sh. 7.50 kwa kila Sh. 100/- kwa siku 30. Yaonekana ndogo. Lakini mtu akikopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka amelipa Sh. 90/- kwa kila Sh. 100/-. Ile nyumba yetu ya mfano, pamoja na vyumba wanavyokaa wenyewe, huleta Sh. 21.50 tu kwa kila Sh. 100/- zilizoijenga. Kwa hiyo ajengaye kwa mkopo wa namna hiyo hawezi kupata faida, hata vyumba vyake visikae vitupu siku moja. Mkopo huo ni wa kumpeleka mtoto hospitali usiku.

Wapo wangojao Serikali iwape ardhi. Jambo hilo limepata kutokea. Huko Likoni, shamba la Waitiki, la eka 930, lilikuwa limekaliwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi. Serikali ikalinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na mwezi wa Januari, 2016, Rais Uhuru Kenyatta akawagawia wakazi hatimiliki. Nyumba zilizokuwa hazina ardhi asubuhi zikawa na ardhi jioni, bila ya kuongezwa hata jiwe moja. Lakini hati hizo hazikuwa bure: kila mwenye kupewa alitakiwa alipe Sh. 182,000/- kidogo kidogo. Tena, lile lilikuwa shamba moja lililogombaniwa sana, na mtu hawezi kuweka uamuzi wa Serikali katika hesabu ya nyumba yake kama awekavyo kodi ya chumba. Aliye na uwezo wa kununua kiwanja kidogo chenye hati huko Kwale au Kilifi, hata kama ni mbali na hana haja nacho leo, amefanya jambo la busara kuliko kungoja. Naye pia aanze na ofisi ya ardhi.

Limebaki suala la urithi, ambalo halizungumzwi mpaka maiti awe ndani. Vyumba sita havigawanyiki sawasawa kwa mjane, wana wanne na mabinti watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mjane hapo ana thumuni, na kila mwana hupata mara mbili ya binti. Na kwa kuwa hapana awezaye kukata nyumba, mara nyingi huuzwa kwa haraka, kwa bei ya chini, kwa mtu ajuaye kuwa warithi wana shida. Nyumba bila ardhi huuzwa kwa bei ya chini zaidi, ikiwa mnunuzi haoni karatasi. Mapatano na mwenye shamba, risiti za kodi ya kiwanja kwa mfululizo wa miaka, hati ya kununulia nyumba ikiwa ilinunuliwa, idhini ya kujenga, na daftari la wapangaji: hizo ndizo zitakazowafanya warithi wapate bei ya haki, au wapate kugawana kodi bila kuuza. Yafaa zitolewe nakala, na nakala zikae kwa mtu wa kuaminiwa aliye katika nyumba nyingine, maana makuti huwaka, na sanduku la karatasi huungua pamoja nayo.